STI ya GDB inagonga mguu wa mbele kushoto: linki mpya, boljointi mpya, mlio uleule. Tuusake hapa

#1 Boksa wa Njiro

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Subaru Impreza WRX STI, GDB ya kabla ya 2005 (rimu za 5x100, breki za Brembo). Springi na shokapu ni za kiwandani, mbele ni zile zilizopinduliwa juu chini. Dalili ziko hivi:

Mguu wa mbele kushoto unagonga "ko-ko" kavu kwenye barabara ya vumbi, mwendo wa 15 hadi 30. Unagonga pale tairi moja inaposhuka shimoni na nyingine ikabaki juu.

Kwenye matuta ya Usa River, tairi mbili zikipanda kwa pamoja, kimya. Kwenye rasta pia kimya.

Ukirudi rivasi kisha ukaenda mbele, inatoa "ta!" moja. Haijirudii mpaka ubadilishe tena uelekeo.

Haivuti upande, usukani hautetemeki, tairi zinalika sawasawa.

Zimeshabadilishwa linki za stabilaiza za mbele pande zote mbili (stabilaiza ni ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, linki zinaiunganisha na miguu) na boljointi ya kushoto (maungio ya chini ya mguu). Hakuna tofauti. Gereji sasa wanasema ni zamu ya shokapu. Kabla ya kununua jozi ya shokapu za bei ile, naomba maoni ya wanaozijua hizi gari.

#2 Fundi Mtaimbo

Mkuu, acha shokapu kwanza. Dalili zako zenyewe zinaitetea.

Shokapu za GDB zilizopinduliwa zina ugonjwa wao, unajulikana. Ile silinda inateleza ndani ya bomba la nje juu ya bushi za chuma, na grisi ikikauka au vumbi likipenya inapata nafasi ya kucheza. Lakini ugonjwa huo hupenda mitikisiko midogo ya harakaharaka, yaani rasta hasa. Rasta zingeifanya igonge kama mtu anapiga hodi. Kama rasta ziko kimya, iweke mwisho wa orodha. Tena hata ikiwa ndiyo, mara nyingi dawa yake ni kuifungua, kusafisha na kutia grisi upya. Hainunuliwi mpya mpaka iwe inavuja au bomba limekwaruzika.

Kagua bolti za mguu mzima, anzia nati tatu za juu chini ya boneti.

#3 Digrii Tatu

Naongezea kwa Fundi. Mlio wa mguu usiuulize unatoka wapi, uulize unatokea mguu unapobebeshwa mzigo gani. Bodi ya gari ni chuma kitupu, sauti ya mguu wa kulia unaweza kuisikia kwenye kiatu chako cha kushoto na ukaapa. Mzigo haukudanganyi.

Tairi mbili zikipanda pamoja (tuta, rasta), fimbo ya stabilaiza inazunguka tu ndani ya bushi zake. Haijikunji, linki hazibebi kitu cha maana. Wanaofanya kazi hapo ni shokapu, springi na mauntingi za juu (vishikio vya shokapu kwenye bodi). Kwako hao wako kimya.

Tairi moja ikipanda peke yake, fimbo inajikunja. Linki zinavutwa na kusukumwa, bushi za fimbo zinabanwa dhidi ya krosmemba (boriti ya chuma chini ya injini). Kwako hapo ndipo panapogonga. Kwa hiyo "ko-ko" yako iko kwenye mnyororo wa stabilaiza, hata kama linki ni mpya. Mpya maana yake imetoka boksini, haimaanishi imefungwa sawasawa.

Kufunga breki, kuondoka, kubadilisha uelekeo: hapo zinasukumwa bushi za loa amu (mkono wa chini wa mguu), boljointi, pedi ndani ya kalipa (kishikio cha pedi za breki), na bolti mbili zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba habu ya tairi). Hiyo "ta!" yako ni ya kundi hili. Maana yake una milio miwili, na kila anayejaribu kuitibu kama mmoja ataishia kununua spea za bure.

Kupima stabilaiza ni rahisi. Fungua linki zote mbili za mbele, zitoe kabisa. Funga ncha za fimbo kwa waya na kitambaa zisije zikaning'inia na kukuletea mlio wa tatu. Endesha barabara ileile, mwendo uleule, chini ya 40 maana gari litalala zaidi kwenye kona. "Ko-ko" ikipotea, umeshaibana kwenye linki, bushi za fimbo, na mabano yake.

#4 Kibo Turbo

Naweka kambi hapa. Ila msisahau kumwambia atoe kwanza jeki, spana na tairi la spea kwenye buti. Na kile kifuniko cha plastiki chini ya injini, klipu mbili zikikatika kinapigapiga krosmemba kama ngoma. Nimeona watu wanabadilisha raki ya usukani kwa sababu ya kifuniko.

#5 Fundi Mtaimbo

Kibo yuko sahihi. Ongeza mabati ya joto ya ekzozi, betri iliyolegea, na ile pichi stopa ya nyuma ya injini (kifimbo cha kuzuia injini kuyumba), bushi zake zikifa injini inapiga "du!" ukikanyaga na kuachia mafuta. Watu huilaumu miguu.

Kuhusu linki: kosa linalorudiwa sana ni kuzikagua gari likiwa limenyanyuliwa upande mmoja. Tairi moja ikining'inia na nyingine iko chini, fimbo imejikunja na inaivuta linki kwa nguvu. Hata iliyokufa itasimama ngumu kama mpya. Kagua tairi zote mbili zikiwa chini, au zote mbili zikiwa zinaning'inia kwenye stendi. Hapo shika linki kwa mkono uitikise. Ikitoa "tik" hata ndogo, imeisha.

Pili, nati ya linki. Ukikaza, pini ya boli inazunguka pamoja na nati, fundi anahisi imegoma anadhani imekaza. Pini inashikwa kwa ufunguo wa aleni katikati, nati inakazwa kwa spana, mwisho spana ya torki: 45 Nm. Ile nati ina kujifunga kwake, ukiifungua mara kadhaa inapoteza mshiko. Weka mpya.

#6 Boksa wa Njiro

Asanteni sana. Nitafungua linki. Swali: hiyo "ta!" ya uelekeo, nianzie wapi?

#7 Fundi Mtaimbo

Anza na bolti mbili za shokapu na nako. Ya juu ni ya kemba (pembe ya tairi kulala ndani au nje), ina kichwa chenye alama na mwili usio wa duara kamili. Ikiwa haijakazwa vya kutosha nako inateleza kidogo kila ukifunga breki. Chora mstari mmoja wa rangi nyeupe ukipita juu ya kichwa cha bolti na bomba la shokapu, mwingine upite kwenye nako na bomba. Endesha, funga breki kali mara kadhaa mahali salama, rudi uangalie. Mstari ukikatika, umempata.

Halafu bushi ya nyuma ya loa amu. Mtaimbo kati ya amu na krosmemba, sukuma mbele na nyuma. Bushi nzima inasogea kidogo na kurudi polepole. Iliyochanika inaruka na unaona ufa kwenye mpira.

#8 Digrii Tatu

Fundi, kwa heshima, hapa natofautiana na mpangilio wako. "Ta!" moja kwa kila mabadiliko ya uelekeo, kisha kimya, hiyo ni tabia ya pedi za Brembo. Pedi zile zimekaa kwenye kalipa kwa pini, na kuna bamba la springi linalozikandamiza. Kati ya ukingo wa pedi na kalipa kuna nafasi ndogo. Ukirudi nyuma na kukanyaga breki, disiki inazivuta pedi upande mmoja. Ukienda mbele na kukanyaga, inazivuta upande wa pili, zinagonga ukingo "ta!" na kubaki hapo. Haiwezi kujirudia mpaka urudi tena rivasi.

Bushi ya loa amu na bolti ya kemba zinahitaji nguvu kubwa ili zisogee. Pedi inahitaji kuguswa tu. Kwa hiyo kipimo: sehemu tambarare, rudi nyuma kwa mwendo wa kutembea, gusa breki kidogo mno. Nenda mbele kwa mwendo uleule, gusa tena kidogo mno. Ikilia kwa mguso huo mdogo, ni pedi. Ikihitaji breki kali, rudi kwenye orodha ya Fundi, tena haraka, maana bolti ya kemba iliyolegea si ya kuendea safari.

Boksa, tueleze vizuri: inalia gari linapoondoka au breki ya kwanza inapokanyagwa?

#9 Boksa wa Njiro

Breki ya kwanza. Nilidhani ni kuondoka kwa sababu kutoka getini nakanyaga breki mara moja.

#10 Fundi Mtaimbo

Kama ni breki ya kwanza basi nakubali, pedi ziende mbele ya foleni. Mstari wa rangi chora tu, haugharimu kitu.

#11 Mama Altezza, Moshi

Samahani kuingilia uzi wa wenye Subaru. Toyota Altezza SXE10, inagonga mbele kulia kwenye kipilefti cha YMCA nikikata kushoto, na nikishuka Marangu kwenda Himo huku nimekanyaga breki. Fundi amenyanyua gari kwa jeki ya katikati, akatikisa tairi juu na chini, akasema boljointi nzima. Vipimo vyenu hivi vinafaa kwangu?

#12 Digrii Tatu

Dada, kanuni ya mzigo inafaa, ila namna ya kunyanyua inageuka kabisa, na hapo ndipo boljointi mbovu hupita bila kuonekana.

Impreza mbele ina shokapu inayobeba springi na kuunganika moja kwa moja na nako. Uzito wa gari haupiti kwenye boljointi ya chini. Ukining'iniza tairi, boljointi iko huru na mtaimbo unaonyesha mchezo wake.

Altezza ina amu mbili, ya juu na ya chini, na springi imekaa juu ya amu ya chini. Uzito unapita kwenye boljointi ya chini. Ukinyanyua gari kwa katikati, springi inaisukuma amu chini na boljointi inabanwa kwa nguvu ile ile ya springi, hakuna mchezo utakaouona. Weka jeki chini ya amu ya chini yenyewe, karibu kabisa na boljointi, nyanyua mpaka tairi litoke chini kiasi cha kupitisha mtaimbo. Sasa boljointi imepumzika. Weka mtaimbo chini ya tairi unyanyue, mtu mwingine ashike kwa kidole kwenye maungio kati ya amu na nako. Mkono husikia kuliko sikio.

Kukata kushoto kunaubebesha mguu wa kulia, na mteremko wa Marangu na breki vinaongeza mzigo palepale. Boljointi na bushi za amu ya chini ni washukiwa wa kwanza. Ikionekana inacheza kwa macho, gari lisitoke. Boljointi ikichomoka tairi linalala chini ya mudgadi na usukani unabaki mapambo.

#13 Mama Altezza, Moshi

Nimeelewa kaka. Gari limepaki mpaka lipimwe hivyo.

#14 Koilova

Wenye koilova za madukani (shokapu na springi za kurekebisha kimo) mnasahaulika. Gari likishakuwa na koilova, vyanzo vinabadilika:

Ringi za kufungia springi. Zikilegea, springi inacheza inaponing'inia na kugonga inaporudi. Nyanyua gari, jaribu kuzungusha springi kwa mkono. Ikizunguka kirahisi, kaza kwanza ringi ya chini ya springi mpaka iguse, kisha ringi ya kufungia dhidi yake.

Mauntingi za juu zenye boli ya chuma. Hazina mpira, zikilika zinagonga "tik-tik" kwenye kokoto na mlio unakuja mpaka kwenye dashibodi. Vumbi la huku ni laini na linakwaruza. Mauntingi isiyo na kifuniko haidumu, hilo sibishani na mtu.

Nati ya juu ya fimbo ya shokapu. Wengi huikaza kwa spana ya upepo, fimbo inazunguka, nati haijafika. Shika fimbo kwa aleni.

Springi ikitoa "tuing!" unapogeuza usukani gari limesimama, hiyo ni springi inayonata kisha kujiachia kwa sababu beringi ya juu imegoma. Weka kiganja kwenye springi mwenzako akigeuza usukani, utaisikia ikiruka.

#15 Boksa wa Njiro

Mrejesho wa kwanza. Linki zimetolewa, fimbo imefungwa kwa waya. "Ko-ko" imepotea kabisa kwenye barabara ileile. Mistari ya rangi iko salama, haijakatika. "Ta!" bado ipo, na inatokea hata kwa kugusa breki kidogo sana.

#16 Digrii Tatu

Safi. Loa amu na shokapu zimeachiwa huru. Sasa fungua mabano mawili ya fimbo ya stabilaiza kwenye krosmemba, utoe bushi. Pima vitu vitatu kwa vaneya kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo, si kalipa ya breki):

kipenyo cha fimbo pale bushi inapokaa;
kipenyo cha fimbo sentimita kumi pembeni, ambako haijaguswa;
tundu la bushi likiwa limefumbwa kama ndani ya mabano.

Vipimo viwili vya kwanza vikitofautiana, fimbo yenyewe imelika, na bushi mpya ya saizi ya kiwandani italegea siku ileile. Vikiwa sawa na tundu la bushi ni kubwa kuliko fimbo, badilisha bushi tu. Na uangalie namba: fimbo za Impreza za miaka ile zinatofautiana unene kati ya toleo na toleo, na bushi zake kwa macho zinafanana kama mapacha. Dukani usiulize "bushi ya Subaru", uliza kwa kipimo cha fimbo uliyoipima.

#17 Fundi Mtaimbo

Angalia pia rangi ya fimbo. Ikiwa imeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa pale kwenye bushi, udongo umeingia ndani na kufanya kazi ya msasa. Safisha kwa brashi ya waya na kitambaa kabla ya kufunga. Mpasuo wa bushi uwe upande ule uliokuwa, usiufunge kinyume. Bolti za mabano 25 Nm, si zaidi, mabano yanajipinda.

Na usipake grisi ya beringi kwenye mpira. Mafuta yatokanayo na petroli yaliyomo kwenye grisi hiyo yanauvimbisha mpira. Kama ni lazima, grisi ya silikoni.

#18 Kibo Turbo

Kwa nini asiweke za poliurethini amalize kabisa?

#19 Digrii Tatu

Kwa gari la mbio, sawa. Kwa gari la kila siku kati ya Njiro na Kisongo, mimi naweka mpira. Poliurethini inateleza juu ya fimbo, inategemea grisi, na vumbi likichanganyika na grisi inaanza kulia "nyee-nyee" kila tuta. Kiangazi inalia, masika ikilowa inanyamaza, na mwenye gari anadhani imepona. Ukiiweka, iwe ile yenye chuchu ya kupigia grisi kwenye mabano, na uipige grisi ya silikoni mara kwa mara.

Hiyo ya kunyamaza ikilowa ni kipimo kizuri kwa bushi yoyote inayolia. Chupa ya kupuliza, maji na sabuni kidogo. Lowesha bushi moja, tikisa gari, kisha nyingine. Itakayonyamaza ndiyo yenyewe.

#20 Boksa wa Njiro

Mrejesho wa pili.

Fimbo: 20 mm pale bushi inapokaa na 20 mm pembeni. Bushi ya kulia tundu 20, ya kushoto zaidi kidogo ya 22. Hazikuwa hata rangi moja ya mpira. Zimewekwa mbili mpya za 20, linki zimerudi na nati mpya kwa 45 Nm. "Ko-ko" haipo.

Kalipa ya kushoto: bamba la springi halikuwepo kabisa, na pini moja ina mfereji uliochimbwa na pedi. Kalipa ya kulia ina kila kitu. Nimeagiza bamba na pini mbili.

#21 Fundi Mtaimbo

Huyo aliyebadilisha pedi alibakiza bamba mezani. Weka pini zote mbili mpya, pedi ikishachimba mfereji inanata pale na breki haziachii vizuri. Safisha kingo za kalipa pedi zinapoteleza, ondoa kutu na unga wa pedi, paka filamu nyembamba ya grisi ya breki kwenye kingo za bati la pedi pekee. Tone lisifike kwenye disiki. Ukimaliza pampu breki mpaka pedali iwe ngumu kabla ya kuwasha gari kutoka.

Sauti ndogo inaweza kubaki hata na bamba jipya, Brembo zina nafasi yake ya asili. Ikiwa ndogo na pande zote sawa, iache.

#22 Koilova

Na alaimenti (kupanga pembe za tairi) je? Mguu umefunguliwa.

#23 Digrii Tatu

Kwa kilichofunguliwa hapa haihitajiki. Stabilaiza na pedi hazigusi pembe za tairi. Ingehitajika kama angefungua bolti za nako, maana ile ya kemba ikisogea hata kidogo pembe zinabadilika. Hizo bolti kwa GD (kizazi cha gari hili) zinakazwa 175 Nm, na GC (kizazi kilichotangulia) zina kipimo chake, msichanganye vitabu. Ingehitajika pia kwa tairodi.

Atakayebadilisha bushi za loa amu baadaye akumbuke kitu kimoja ambacho gereji nyingi wanaruka: bolti za bushi hizo zisikazwe mwisho gari likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi umeshikana na bomba lake la ndani. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, gari likishushwa mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema. Kaza kidogo, shusha gari likae kwa uzito wake au nyanyua amu kwa jeki mpaka ifike kimo hicho, ndipo umalizie kwa torki.

#24 Mama Altezza, Moshi

Mrejesho wa Altezza: imenyanyuliwa kwa amu ya chini, boljointi ya kulia inacheza mpaka inaonekana kwa macho. Ya kushoto inacheza kidogo. Nibadilishe ya kulia peke yake?

#25 Fundi Mtaimbo

Zote mbili dada. Ya kushoto imeshaanza, na alaimenti utalipia mara moja badala ya mbili. Nati ya taji iwe na kotapini mpya (pini ya kuizuia nati isizunguke), usikubali msumari.